Namna ya kusoma vipimo vya inflamesheni kabla ya kupandikiza mimba

Karatasi ya majibu ya damu inapotoka maabara huwa na safu ya namba, safu ya viwango vya kawaida, na pembeni mwa baadhi ya namba huwekwa herufi H au mshale unaotazama juu. Kwa mtu anayejiandaa kupandikiza mimba (IVF), ambaye pengine ameshauza kiwanja au amekopa kwenye kikoba ili alipie mzunguko mmoja tu, herufi hiyo peke yake inatosha kumkosesha usingizi wiki nzima. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandaa vipimo hivyo ili vitoe majibu ya kuaminika, jinsi ya kuvisoma, maswali ya kumuuliza daktari, na mambo ya kukataa kulipia.

Kwanza neno lenyewe. Hospitalini wengi husema "uvimbe", lakini mwanamke akiambiwa ana uvimbe hufikiria fibroidi za kwenye kizazi, na hayo ni mambo mawili yasiyohusiana moja kwa moja. Kwa hiyo humu nitaandika inflamesheni. Ukichomwa na mwiba, mahali pale hupata joto, huiva, huvimba na kuuma, kwa sababu mwili umeita chembe nyeupe za damu zije kupambana na kusafisha. Hiyo ndiyo inflamesheni inayoonekana kwa macho. Ikitokea ndani, kwenye fizi, kwenye mirija ya uzazi, kwenye mapafu au hata kwenye mafuta ya tumboni, haionekani, ila huacha alama katika damu, na alama hizo ndizo maabara inazozipima.

Jambo la pili la kulielewa kabla ya kutazama namba yoyote ni kwamba uzazi wenyewe unahitaji inflamesheni. Mfuko wa yai hupasuka kwa msaada wa kemikali zilezile zinazoleta maumivu ya jeraha, na kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinapojichimbia katika ukuta wa mji wa mimba, ukuta huo huwa katika hali inayofanana sana na kidonda kinachopona. Ndiyo maana mwanamke anayetafuta mtoto huonywa asimeze diklofenaki au ibuprofeni kiholela siku za kukaribia yai kupevuka, kwani dawa hizo zinaweza kulizuia yai lisitoke mfukoni. Lengo la vipimo, basi, si kuifikisha inflamesheni kwenye sifuri. Lengo ni kugundua kama kuna moto usiohitajika, na unawaka wapi.

Vipimo utakavyokutana navyo

CRP ndiyo maarufu kuliko vyote. Ni protini inayotengenezwa na ini, na iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini hupokea taarifa kupitia kemikali iitwayo interleukini-6, kisha ndani ya saa chache huanza kumwaga CRP kwenye damu. Kiwango hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu takriban kila saa 19. Kwa hiyo CRP hupanda upesi na kushuka upesi, na mafua ya Jumatatu yanaweza kuiharibu sampuli ya Alhamisi.

Kuna CRP ya kawaida, inayofaa kutafuta maambukizi makubwa, na kuna ile ya unyeti wa juu, hs-CRP, inayoweza kupima viwango vidogo sana. Kwa hs-CRP mgawanyo unaotumika zaidi ulitokana na madaktari wa moyo wa Marekani mwaka 2003: chini ya miligramu 1 kwa lita ni kiwango cha chini, 1 hadi 3 ni cha kati, na zaidi ya 3 ni cha juu. Mgawanyo huo ulitengenezwa kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo, haukutengenezwa kukadiria uwezekano wa kupata mtoto, na ni vizuri kulikumbuka hilo pale mtu anapokuonyesha 3.4 yako kwa uso wa masikitiko. Angalia pia kizio. Maabara nyingine huandika miligramu kwa desilita badala ya lita, na 0.8 ya huko ni 8 ya huku.

ESR ni kipimo cha kizee, na nakipenda kwa urahisi wake: damu husimamishwa katika mrija mwembamba kwa saa moja, kisha hupimwa chembe nyekundu zimetuama milimita ngapi. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 50 kiwango cha hadi 20 huchukuliwa kuwa cha kawaida. Tatizo lake ni kwamba hupanda hata kwa upungufu wa damu na hata kwa ujauzito, na huchukua wiki kadhaa kushuka, kwa hiyo kwa wanawake wetu ambao wengi wana damu pungufu, ESR ya 32 peke yake haisemi mengi.

Feritini hupimwa ili kujua akiba ya madini ya chuma, lakini nayo hupanda mwili unapokuwa na inflamesheni. Hapa watu wengi hudanganyika. Mwanamke mwenye feritini ya 45 huambiwa chuma kinamtosha, kumbe CRP yake iko juu na feritini imepandishwa tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni upungufu wa chuma ufikiriwe pale feritini inapokuwa chini ya mikrogramu 70 kwa lita, badala ya 15 inayotumika kwa mtu mwenye afya. Kama una wakati wa miezi miwili au mitatu kabla ya kupandikiza, kusoma feritini na CRP pamoja kunaweza kukufaa kuliko vipimo vingi vya bei kubwa, kwa sababu upungufu wa chuma ni jambo linalotibika na ambalo mama mjamzito hulilipia baadaye.

Mwisho ni picha kamili ya damu, ambayo Tanzania huitwa FBP. Haipimi inflamesheni moja kwa moja, ila kutokana na hesabu za chembe zake watafiti wametengeneza uwiano wa aina tatu ambao siku hizi hujitokeza katika majibu ya kliniki za uzazi: NLR, PLR na SII.

Kupiga hesabu mwenyewe

Neutrofili na limfosaiti ni aina mbili za chembe nyeupe, na chembe sahani ni zile zinazosaidia damu kuganda. NLR ni neutrofili kugawanywa kwa limfosaiti. PLR ni chembe sahani kugawanywa kwa limfosaiti. SII ni chembe sahani mara neutrofili, kisha gawanya kwa limfosaiti. Tumia hesabu kamili za chembe, usitumie asilimia, hasa kwa SII.

Tuseme mwanamke wa miaka 34 amepima akiwa mzima wa afya, akapata neutrofili 4.2, limfosaiti 2.1 na chembe sahani 310. NLR yake ni 2.0, PLR ni takriban 148, na SII ni 620. Wiki tatu baadaye amepimwa tena akiwa anatoka kwenye mafua makali, na safari hii ana neutrofili 6.9, limfosaiti 1.4 na chembe sahani 365. NLR imekuwa 4.9, PLR 261, na SII imefika karibu 1,800. Ni mwanamke yuleyule, mayai yaleyale, mji wa mimba uleule. Mtu akiiona karatasi ya pili peke yake anaweza kumwambia kwamba "damu yake inakataa mimba", kauli ambayo nimeisikia ikisemwa na ambayo haina msingi.

Sasa tumchukue mwingine, mwenye neutrofili 1.6, limfosaiti 2.4 na chembe sahani 210. NLR yake ni 0.67 na SII ni 140. Je, huyu ana inflamesheni ndogo kuliko wote? Huenda ikawa hivyo, lakini inawezekana zaidi kwamba amezaliwa na neutrofili chache. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana aina ya damu ambayo chembe nyekundu hazina alama iitwayo Duffy. Ni hali ileile inayowakinga dhidi ya malaria ya vivax, na huambatana na neutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote. Mipaka ya NLR na SII inayonukuliwa katika makala za kitabibu imetokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa China, Uturuki na Ulaya. Kuipachika juu ya damu ya Mmakonde au Mluo bila kufikiri ni sawa na kununua kiatu kwa kipimo cha mguu wa jirani. Ukiona kliniki inakutangazia mpaka mmoja tu, kwa mfano "SII isizidi 550", uliza umetoka kwa wanawake gani.

Siku ya kutoa damu

Sehemu hii ndiyo iliyo mikononi mwako, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Chagua siku ambayo hujaumwa kwa angalau wiki mbili: hakuna mafua, homa, malaria, kuharisha, jino, UTI wala chanjo ya karibuni. Usifanye mazoezi mazito siku moja au mbili kabla. Kama unaishi au umetoka kwenye ukanda wa malaria, fanya kipimo cha haraka cha malaria siku hiyohiyo, kwa kuwa malaria hupandisha CRP na mara nyingi hushusha chembe sahani, hivyo huvuruga vipimo vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Chagua pia siku ya mzunguko. CRP huwa juu zaidi wakati wa hedhi, hushuka kuelekea siku ya yai kupevuka, kisha hupanda tena. Hakuna siku moja iliyo takatifu, ila ukipima mara ya kwanza siku ya tatu ya hedhi, mara ya pili nayo iwe siku ya tatu, vinginevyo utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Na kipimo cha mara moja hakitoshi. Ushauri uleule wa mwaka 2003 ulisema hs-CRP ipimwe mara mbili kwa kupishana wiki mbili hivi na kuchukua wastani, na kwamba ikizidi 10, jibu hilo liwekwe kando, chanzo kitafutwe, kisha kipimo kirudiwe.

Taja dawa zote. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo kliniki nyingi hutoa ili kupanga tarehe za mzunguko, hupandisha CRP kwa kupitia ini bila ya kuwapo ugonjwa. Dawa za kuchochea mayai nazo huipandisha. Predinisoloni na deksamethasoni, ambazo ni dawa za steroidi, hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti, hivyo mtu aliyepewa dawa hizo kwa ajili ya pumu au mzio atapata NLR kubwa ambayo imesababishwa na kidonge. Asiache dawa kwa ajili ya kipimo. Aseme tu kwamba anaitumia.

Mtoa damu atakuuliza jina na umri, atafunga mpira mkononi, na kwa kawaida hataendelea kuuliza. Anza wewe: "Samahani dada, naomba uandike kwenye fomu kwamba niko siku ya tatu ya hedhi, na vidonge vya uzazi wa mpango nilimaliza wiki iliyopita." Atakujibu, "Haya mama, nimeandika," na sentensi hiyo moja itamwokolea daktari nusu saa ya kukisia. Tazama pia chupa. Yenye kifuniko cha zambarau ndiyo ya picha kamili ya damu, na inapaswa kupinduliwa taratibu mara nane hadi kumi mara tu damu inapoingia. Ikiachwa imesimama, chembe sahani hushikana mafungu na mashine huzihesabu pungufu. Damu ya ESR ikikaa kwenye joto la chumba isipite saa nne kabla ya kupimwa, jambo la kuangalia iwapo kituo chako hukusanya sampuli asubuhi na kuzipeleka mjini jioni kwa bodaboda.

Namba ikiwa juu, tafuta mahali panapowaka

CRP haisemi ni wapi. Inasema tu kwamba mahali fulani kuna jambo. Daktari akiridhika na kukuandikia dawa ya "kushusha CRP" bila kukuuliza hata kama unaumwa jino, mwombe mwendelee kutafuta.

Anzeni na vitu vya kawaida: kinywa, koo, kifua, mkojo, ngozi. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki ni chanzo cha kweli cha inflamesheni ya kudumu, na daktari wa meno ni nafuu sana ukilinganisha na mzunguko mmoja wa upandikizaji. Uzito mkubwa pia hupandisha CRP, kwa sababu mafuta ya tumboni humwaga interleukini-6, na wanawake wenye vifuko vingi kwenye ovari mara nyingi huwa nayo juu kidogo hata wasipougua kitu kingine.

Kisha nendeni kwenye nyonga, na hapa ningependa kukawia. Uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1979 hadi 1984 uliofanyika katika nchi 25 ulionyesha kwamba ugumba unaotokana na maambukizi ya zamani, hasa kuziba kwa mirija, ulikuwa mwingi zaidi Afrika kuliko sehemu nyingine za dunia. Klamidia na kisonono huunguza mirija kimyakimya, kisha huondoka, na mwanamke hubaki na kovu au na mrija uliojaa maji. Maji hayo hurudi na kumwagikia ndani ya mji wa mimba, mahali ambapo kiinitete kinatarajiwa kukaa. Mwanamke huyu anaweza kuwa na CRP ya 1.2, safi kabisa. Lakini kuuondoa au kuufunga mrija huo kabla ya kupandikiza kunaongeza uwezekano wa kushika mimba, na hilo ni miongoni mwa mambo machache katika uwanja huu yaliyothibitika vizuri. Picha ya mirija na altrasaundi vina thamani kubwa hapa kuliko kipimo chochote cha damu.

Hali ni hiyohiyo kwa inflamesheni ya kudumu ya ukuta wa mji wa mimba. Haionekani kwenye damu. Hutambuliwa kwa kuchukua kipande kidogo cha ukuta na kutafuta seli za plasma, aina ya chembe za kinga, kwa rangi maalumu iitwayo CD138, na kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini ya wiki mbili. Kifua kikuu cha kizazi nacho hujificha: mgonjwa anaweza asikohoe wala asikonde, ESR ikawa ya kawaida, na dalili pekee ikawa hedhi iliyopungua au kukatika. Kwa waliokulia kando ya Ziwa Victoria au ukanda wa pwani wakioga na kuchota maji ya mito na mabwawa, kichocho cha sehemu za siri ni jambo la kuulizia, hasa kama kuna damu baada ya tendo la ndoa ambayo imeshatibiwa mara kadhaa kama gonjwa la zinaa bila nafuu. CRP haikigundui; eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikiwa zimepanda kwenye picha ya damu zinaweza kuwa fununu.

Endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake, ni ya kuongezwa kwenye orodha hiyo. Inakadiriwa kuwapata wanawake takriban kumi katika kila mia walio katika umri wa kuzaa, na ni ugonjwa wa inflamesheni kwa asili yake, ilhali CRP mara nyingi huwa ya kawaida. CA-125, protini nyingine inayopimwa kwenye damu, hupanda kwa baadhi yao, lakini hupanda pia wakati wa hedhi na kwa sababu nyingine kadhaa. Maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu kila mwezi yana ushahidi mzito kuliko namba hiyo.

Na mume asiachwe. Chembe nyeupe zinazozidi milioni moja katika kila mililita ya shahawa ni dalili ya kuchunguza maambukizi. Nimeona wanandoa ambao mke alipimwa damu mara saba kabla ya mume kutoa sampuli hata moja.

Utafiti unasemaje kuhusu matokeo

Tafiti nyingi zilizolinganisha vipimo hivi na matokeo ya upandikizaji zilifanywa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili: wanawake waliopata mimba na wasiopata waligawanywa, kisha damu zao za awali zikalinganishwa. Baadhi zilikuta CRP au SII kubwa kwa waliokosa, nyingine hazikukuta tofauti, na kila moja ilijichagulia mpaka wake. Tofauti ilipokuwapo, ilikuwa ya makundi, na viwango vya makundi hayo mawili vilipishana kidogo tu kiasi kwamba haviwezi kumtabiria mtu mmoja. Kwa kulinganisha, umri una nguvu ambayo haihitaji darubini: katika takwimu za Uingereza za mwaka 2022, kila kiinitete kilichopandikizwa kwa wanawake wa miaka 18 hadi 34 waliotumia mayai yao kilileta mtoto kwa takriban asilimia 35, na kwa wa miaka 43 na 44 takriban asilimia 5. Hakuna CRP inayofanya kazi hiyo.

Swali la maana zaidi ni hili: ukiishusha namba, mtoto anapatikana? Majaribio matatu yanafaa kujulikana.

La kwanza lilifanyika Marekani kati ya 2007 na 2011, kwa wanawake 1,228 waliokuwa wamepoteza mimba moja au mbili na waliokuwa wakijaribu kwa njia ya kawaida, bila upandikizaji. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 81 kila siku. Kwa ujumla tofauti ya kuzaa haikuwa ya uhakika. Baadaye, mwaka 2017, watafiti waliwagawa kwa hs-CRP, na kwa theluthi ya juu, yaani wenye 1.95 na zaidi, waliozaa walikuwa asilimia 59 kwa aspirini na asilimia 44 kwa kidonge kisicho na dawa. Ni matokeo yanayotia matumaini, lakini yalitokana na kuchambua upya data, na hayawahusu moja kwa moja wanaopandikiza, ambao kwao aspirini haijaonyesha faida katika majaribio yaliyojumlishwa.

La pili ni la China, lilichapishwa 2023, kwa wanawake 715 ambao viinitete vyao vilikataa kushika mara kadhaa. Walipewa predinisoni miligramu 10 kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Waliozaa walikuwa asilimia 37.8 na 38.8. Zaidi ya hapo, mimba zilizopotea mapema sana na watoto njiti walikuwa wengi zaidi kwa waliomeza dawa. Ukiandikiwa steroidi "kutuliza kinga", jaribio hilo ndilo la kumtajia daktari, kwa adabu, na kusikiliza ana sababu gani mahususi kwako.

La tatu ni la Uholanzi, la mwaka 2016, ambapo wanawake wenye uzito mkubwa walipunguzwa uzito kwa miezi sita kabla ya matibabu ya ugumba, wakati kundi jingine lilianza matibabu moja kwa moja. Waliopunguzwa hawakuzaa zaidi. Kupunguza uzito kuna faida kwa shinikizo la damu na kisukari cha mimba, lakini mwanamke wa miaka 39 asiambiwe asubiri mwaka mzima hadi CRP yake ishuke kutoka 5 hadi 2, kwani mwaka huo una gharama yake kwenye mayai.

Mambo ya kukataa au kuuliza mara mbili

Mamlaka inayosimamia matibabu ya uzazi Uingereza, HFEA, imeyapa rangi nyekundu vipimo na matibabu ya kinga kwa ajili ya kuongeza mimba, na chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, katika mapendekezo yake ya mwaka 2023, hakikushauri yatumike kama kawaida. Humo mna kupima seli NK za damu (aina ya chembe nyeupe za kinga), dripu ya mafuta iitwayo intralipidi, na sindano za imunoglobulini (kingamwili) ambazo bei yake inaweza kukaribia ile ya mzunguko wenyewe. Muulize daktari maswali matatu, na yaandike kabla hujaingia: kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu, tiba itakayofuata imeonyeshwa kuongeza watoto wanaozaliwa au namba tu, na madhara yake ni yapi. Daktari mzuri hakasiriki.

Kuhusu manjano na tangawizi: kwenye mchuzi na chai hazina neno. Vidonge vyake vilivyokolezwa vitaje kliniki kama unavyotaja dawa nyingine, na uulize kama uviache kabla ya siku ya kuvuna mayai.

Baada ya kuvuna mayai

CRP hupanda siku moja au mbili baada ya sindano kupita kwenye ovari, hata pasipo maambukizi, na ovari zilizochochewa nazo huchangia. Kwa hiyo hakuna haja ya kuipima kwa udadisi siku hizo, wala katika zile wiki mbili za kusubiri majibu. Kipimo cha mimba cha siku iliyopangwa ndicho kitakachosema. Inapimwa kwa sababu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya nyonga yanayozidi badala ya kupungua, au uchafu wenye harufu ukeni. Tumbo likijaa na kukaza upesi, pumzi ikawa fupi, na mkojo ukapungua, hiyo ni dalili ya ovari kuchochewa kupita kiasi, na daktari atataka kujua wingi wa chembe nyekundu katika damu, hali ya figo na altrasaundi kabla ya kuuliza CRP. Dalili hizo zikitokea usiku, nenda usiku huohuo, na uchukue karatasi ya majina ya sindano ulizochoma pamoja na tarehe zake.